Waliokula Mbuzi wa Shingo Yangu

Mama yangu aliichinjia shingo yangu mbuzi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani niliacha kucheza raga kwa hiari, kama wanavyosema wachezaji wakihojiwa, eti wakati umefika wa kuwapisha vijana. Mimi sikumpisha mtu. Mimi nilitolewa uwanjani na mbuzi, tena beberu, na mji wetu wote wa Msambweni ukashiba.

Wakati huo nilikuwa nikicheza raga ya kulipwa katika mji mdogo wa Ufaransa, kwenye daraja ambalo hata Wafaransa wenyewe hawalifuatilii. Watu wa kwetu wakisikia "ya kulipwa" walikuwa wakiona jumba la ghorofa na gari la kioo cheusi. Ukweli ni kwamba asubuhi nilipakia jibini katika kiwanda cha mfadhili wa klabu, mchana nikaenda mazoezini, na usiku nikalala chumba kimoja na jamaa wawili kutoka visiwa vya Pasifiki waliokuwa wakisali na kukoroma kwa sauti ileile. Klabu ilinichora kwenye bango na simba nyuma yangu. Simba sikuwa nimewahi kumwona isipokuwa kwenye kalenda ya dukani. Kwetu tuna samaki, nazi na mbu, lakini inaonekana hivyo havitishi mtu vikiwekwa kwenye bango.

Kazi yangu ilikuwa katika mstari wa mbele wa skramu. Skramu ni pale watu wa upande huu na wa upande ule wanapoinama, wakafungamana mabega kwa mabega, wakasukumana ili kuugombania mpira ulio chini ya miguu yao. Wa mbele ndiye anayebeba uzito wote kwa shingo. Ni kazi ya punda, ila punda hapigiwi makofi. Siku moja skramu iliporomoka na mimi nikawa chini yake. Nikasikia kitu kikilia shingoni, kisha vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Baadaye, katika hospitali kubwa, daktari bingwa wa mifupa alinionyesha picha na kunieleza kwa upole kwamba nimebahatika. Nikigongwa tena hapo, akasema, huenda nisiweze kushika kijiko. Klabu ikaniaga kwa keki na fulana iliyotiwa sahihi na watu ambao nusu yao hawakujua jina langu linaandikwaje.

Mama alikuwa hajui raga ni kitu gani. Alijua tu kwamba mwanawe yuko hospitali nchi ya watu, na shingo imefungwa. Akaweka nadhiri. Mwanawe akirudi akitembea kwa miguu yake mwenyewe, atachinja mbuzi, na mwanawe hatagusa tena mchezo ule. Kipande cha kwanza cha nadhiri kilikuwa cha kwake, na alikuwa na mbuzi. Kipande cha pili alikiweka juu ya mwili wangu bila kuniuliza, nami wakati huo nilikuwa nimelala nikilishwa uji na mtu ambaye hatusikilizani lugha.

Nilirudi nikitembea. Mbuzi akachinjwa. Wakaja majirani, wakaja watu wa Bodo, wa Shimoni, hata wa Lunga Lunga, ikasomwa dua ndefu, na mwanasiasa mmoja wa kaunti, ambaye hakualikwa, akatoa hotuba ya kunisifu kwa mchango wangu katika mpira wa vikapu. Mimi na Mama hatukuionja nyama ile, kwa sababu mwenye nadhiri hali nyama ya nadhiri. Nilikaa pembeni na wali wangu na mchuzi wa samaki, nikiwatazama watu mia wakiitafuna haki yangu ya kucheza.

Sikujua kwamba kwetu kula ni kutia sahihi. Tangu siku ile kila aliyepata hata kipande cha mfupa alijiona mdhamini wa shingo yangu. Nikiinua gunia la nazi sokoni, mwenye kibanda ananipigia kelele, "Weka chini gunia hilo! Mimi nilikula ile nyama, sitaki kesi na Mungu." Dereva wa bodaboda alinibeba taratibu mpaka watembea kwa miguu wakatupita na kutusalimia. Nilimwendea mwalimu wa madrasa nikitafuta mlango wa kutokea. Akashusha sauti. "Kisheria, nadhiri ya mtu haimfungi mwingine," akasema. "Lakini mimi nililetewa ini, kijana wangu. Tafadhali usinitaje."

Basi nikawa mtu mzima mwenye mapaja kama magogo, sina kazi, na mji mzima unanitazama nikipiga chafya.

Nikawa nakwenda Ukunda kutafuta kibarua cha kusimama mlangoni mwa kumbi za usiku. Hata huko mlinzi mkuu alikuwa na shemeji Msambweni, na shemeji alikuwa amekula. Nikanyimwa kazi kwa ajili ya usalama wangu. Sitaki kuficha: niliumia. Raga ilikuwa kitu kimoja tu duniani nilichokifanya vizuri kuliko jirani yangu. Nikiona mechi kwenye televisheni ya hoteli ya chai, mguu wangu ulitangulia wenyewe chini ya meza, nikawa nawapiga mateke watu wanaokunywa chai yao.

Kazi ikaja kutoka Galu. Hoteli moja kubwa ya ufukweni ilikuwa na shida ya wageni katika msimu wa mvua, na meneja wake wa burudani, kijana wa bara mwenye miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya lifti, alikuwa amepata wazo. Aliniita ofisini kwake.

"Coach, niaje," akasema, kabla sijawa kocha wa mtu yeyote. "Nataka tufanye tournament ya raga ya saba kwa saba hapa kwa lawn. Team za Nairobi zitakuja. Lakini nataka pia team ya watu wa hapa, unaskia? Real locals. Guests wamechoka na sarakasi. Wanataka kuona watu wakigongana. Violence, lakini ya family, unanielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa. Nilikuwa sijamwelewa, lakini mtu aliyekaa mwaka mzima bila kazi huelewa haraka.

Kilichobaki kilikuwa Mama. Nilimkuta uani anafua.

"Kocha ni nani?" akaniuliza.

"Ni mtu anayesimama pembeni ya mstari akiwapigia kelele wanaofanya kazi."

"Hiyo kazi marehemu baba yako aliifanya maisha yake yote," akasema, akikamua shuka. "Nenda, mwanangu, Mungu akufanyie wepesi. Lakini ukiuvuka huo mstari, mimi na wewe na Mwenyezi Mungu tutakuwa na maneno."

Nikaanza kusaka timu. Nahodha nilimpata Shimoni, pale samaki wanaposhushwa. Alikuwa amejitwika kreti ya samaki na barafu, maji yanamchuruzika mgongoni, na bado anaitikia salamu za kila mtu njiani bila kuruka hata mmoja. Nilipoiona ile shingo niliona wivu wa wazi. Wa pili alikuwa mpishi msaidizi wa hoteli yetu, kijana wa bara anayeimba kwaya Jumapili, mwenye mwili wa kusukuma lori lililozama. Wa tatu alikuwa mfugaji kutoka nyika kavu ya kule nyuma ya Lunga Lunga, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akikimbia juu ya miiba kama wengine tunavyokimbia juu ya nyasi. Waliobaki walikuwa wavuvi wa Bodo, na wahudumu wawili wa mezani pale hotelini niliowaweka akiba.

Nilikuwa nimekuja na maarifa yangu yote ya Ulaya. Niliwaambia kuhusu utamaduni wa ushindi. Niliwaambia kuhusu njaa ya mchezaji. Nahodha akaniuliza kwa adabu kama hoteli itatoa chakula, maana kama njaa ni ya lazima wao wanayo tayari.

Tatizo la kwanza lilikuwa pole. Sisi watu wa pwani hatumwangushi mtu tukaenda zetu. Siku ya kwanza ya kuangushana, nahodha alimbeba mvuvi mmoja miguu yote miwili na kumlaza chini vizuri sana, mpira ukamtoka mwenzake ukabiringika. Badala ya kuukimbilia, nahodha akapiga magoti. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Umeumia? Pole sana. Sikuwa na nia mbaya, wallahi." Mvuvi akajibu, "Ahsante, nimeshapoa." Wakashikana mikono, wakaulizana habari za nyumbani. Wakati huo wenzao wa upande wa pili walikuwa wameshafunga trai, yaani wameulaza mpira nyuma ya mstari wetu wa mwisho, na wamerudi, nao wakaja kutoa pole.

"Pole mtasema kipenga kikishalia!" nikapiga kelele.

"Sawa, kocha," akajibu nahodha. "Lakini pole ikichelewa huwa ni kejeli."

Tulibishana juma zima. Mpishi wa bara alikuwa upande wangu, alisema kwao mtu akianguka ni shauri yake na ya mama yake. Mwishowe tukapatana kwamba pole itolewe mtu akiwa mbioni, bila kugeuka nyuma. Ndiyo maana mpaka leo timu ile ukiitazama kwa mbali utaona watu wanakimbia kuelekea mbele huku wakipaza sauti za rambirambi kwa waliobaki chini.

Tatizo la pili sikulitambua hata kidogo, na ndilo lililotumaliza. Mimi sijui kufundisha kwa mdomo. Nilichokijua nilikijua kwa mabega. Nikitaka kuonyesha namna ya kuingia kwenye skramu, ilinibidi niiname, nimshike mtu, nisukume. Nikianza tu kukunja magoti, nasikia sauti saba kwa pamoja: "Tumeelewa, kocha!"

"Sijaonyesha bado."

"Tumeelewa. Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Mara ya kwanza nilidhani nimejaliwa wanafunzi wenye akili. Mara ya pili nilijisifu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama kwamba kumbe mimi ni mwalimu wa kuzaliwa, ninaanza tu kusema na watu wameshajua. Huko Ufaransa mtu asiyeelewa alikuwa akisema hajaelewa, tena kwa hasira, kama wewe ndiye uliyemwibia. Hawa wangu walikuwa wakielewa skramu, wakaelewa namna ya kumwinua mwenzao juu mpira unaporushwa kutoka nje, wakaelewa kila kitu ambacho kingenilazimu kuinama. Kukimbia na kupasiana, ambako nilikuwa nafundisha nikiwa nimesimama wima, ndiko pekee walikonisumbua kwa maswali.

Siku za mashindano zilipokaribia, meneja wa burudani alikuja mazoezini na wazo jingine. Alikuwa ameona kwenye simu timu za visiwani huko zikicheza densi ya vita kabla ya mechi, zikitoa ndimi na kujipiga vifua. Akataka na sisi tuwe na ya kwetu.

"Nyinyi mko na ngoma gani ya war?" akawauliza.

Vijana wakatazamana. Nahodha akasema kwamba wao kabla ya jambo zito huwa wanasoma dua. Meneja akasema dua ni poa lakini haina action. Mfugaji akasema kwao kuna wimbo wa kuwapeleka ng'ombe josho. Wakashauriana kwa muda mrefu, na mwisho ikaonekana kwamba ngoma moja tu wanaijua wote, wa Bodo, wa Shimoni, hata mpishi aliyeipokea kwa kuhudumia sherehe za watu: ngoma ya kumsindikiza bwana harusi. Meneja akaitazama mara moja akasema, "Hiyo! Hiyo iko fierce!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mashindano, mbele ya wageni waliokaa kwenye viti vya kitambaa wakinywa maji ya madafu kwa mirija, timu yangu iliingia uwanjani ikiimba wimbo wa kumsifu kijana aliyepata mke mwenye heshima. Wageni wakasimama kwa hofu na kupiga picha. Mama mmoja wa Kizungu alimvuta mwanawe nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mstari mweupe, nimevaa suruali ya michezo na koti lenye neno kocha mgongoni. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na viatu vyangu vya raga. Nilijiambia nimevibeba kwa ajili ya heshima ya kazi. Tena asubuhi, mpangaji wa mashindano alipouliza kama tuna mchezaji wa akiba wa tatu, mdomo wangu ulitaja jina langu kabla kichwa hakijauliza. Kanuni ilikuwa inaruhusu. Nilijiambia ni tahadhari tu.

Mechi ya kwanza tulicheza na wageni wenyewe, wanaume wenye vitambi waliochomwa na jua, tukawashinda na kuwapa pole mpaka wakachoka. Mechi ya pili ilikuwa dhidi ya vijana wa chuo kutoka Nairobi, nao hawakuja kuogelea. Walikuwa wakipiga kelele kwa Sheng, wamejifunga tepu kila mahali, na kocha wao alikuwa na ubao wa kuchorea.

Kwa mbio tuliwatia adabu. Mfugaji aliupata mpira mara moja akakimbia uwanja mzima, akafunga trai, na akaendelea kukimbia mpaka karibu na bwawa la kuogelea, maana hakuna aliyemwambia mahali pa kusimama. Kisha ikaja skramu ya kwanza. Katika raga ya saba, wanaoinama ni watatu kwa watatu. Watatu wangu wakainama, kila mmoja kwa namna yake. Nahodha alielekeza kichwa baharini. Mpishi alishika jezi ya refa. Wale wa Nairobi wakasukuma mara moja tu, na wangu wakarudi nyuma kama mlango ulioachwa wazi.

Walikuwa hawajaelewa hata kidogo. Hawakuwahi kuelewa. Miezi yote ile walikuwa wakinizuia kuinama, basi, na walikuwa wamekubali kutojua kitu kuliko kuniona nikijaribu kuwafundisha. Sikujua nicheke au nimtukane mtu.

Mapumziko yalipofika, basi la watalii likawasili mlangoni mwa hoteli. Kengele ya mkahawa ikalia, na akiba wangu wawili wakaitwa kazini. Niliwaona wakikimbia kuelekea jikoni huku wakivaa mashati meupe juu ya jezi zetu. Kipindi cha pili kilipoanza, haukupita muda mvuvi mmoja wa Bodo akateguka kifundo cha mguu, akatolewa akichechemea. Tukabaki sita. Alama zilikuwa bado si mbaya, trai moja tu ingetosha kutupeleka fainali, na skramu ilikuwa yetu, hatua chache kutoka kwenye mstari wao.

Sikuwaza. Nasema kweli, sikuwaza kijiko, sikuwaza Mama. Nilikuwa nimeshavua koti na viatu vilikuwa miguuni. Nilijua kitu kimoja, kwamba skramu ile mimi naijua, na kwamba hakuna mwingine uwanjani pale aliyekuwa anaijua. Refa akanitazama, akaangalia majina, akanipungia mkono niingie. Nikauvuka mstari. Nyasi zilikuwa na unyevu, na nilisikia furaha ya kitoto ikinipanda kooni.

Nilipowafikia, niliinama. Nahodha hakuinama. Alisimama wima mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, kocha," akasema.

Katikati ya mechi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia. "Marahaba."

"Kocha, tunakuheshimu sana," akasema. "Hatutaki."

Nimeishi pwani maisha yangu yote ya utoto na sikuwahi kusikia mtu mdogo akimwambia mkubwa neno hilo. Kwetu mtu hukataa kwa kusema inshallah, au tutaona, au wacha nimuulize fulani. Nilidhani hakusikia vizuri nilichokuja kufanya.

"Skramu hii naimaliza mimi," nikasema. "Inama."

"Hapana, kocha. Tulikula."

Akakaa chini. Alikaa palepale kwenye nyasi, akakunja miguu kama anayesubiri sahani ya pilau. Mfugaji akakaa. Wavuvi wakakaa. Mpishi wa bara, ambaye hakuwahi kula nyama ile wala hakuwa na habari na nadhiri za watu, aliwatazama wenzake, akanitazama mimi, akasema, "Coach, pole, lakini mimi niko na hao." Naye akakaa.

Refa akapuliza kipenga. "Hawa wako na shida gani?" akauliza. Vijana wa Nairobi wakaanza kucheka, na mmoja wao akatoa wazo kwamba labda ni wakati wa kuswali. Kwenye kipaza sauti nikamsikia meneja wa burudani akiwaeleza wageni kwa sauti nzito kwamba wanachokiona sasa ni mila ya kale ya watu wa Kwale, ambapo mashujaa huketi kuwasikiliza mababu kabla ya pigo la mwisho. Wageni wakanyamaza kwa heshima. Simu zote zikainuliwa.

Nilisimama pale, mtu mzima, nikiwa na viatu vya Ulaya, na timu yangu nzima imekaa chini mbele yangu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kumnyanyua nahodha kwa kola. Nikamtukana. Nikawaita wote waoga. Hakuna aliyeinuka. Mfugaji alikuwa aking'oa majani moja moja, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja wanyama wafikiri.

Nikageuka nikatoka. Nilipouvuka mstari kwenda nje, waliinuka pamoja, wakajipangusa nyasi, na nahodha akamwambia refa, "Tuko tayari, mwalimu. Samahani kwa usumbufu."

Walicheza sita kwa saba. Skramu ile waliipoteza, bila shaka, na nyingine zote. Nami nilifanya kitu pekee kilichobaki, nikapiga kelele. Nilimwambia mpishi aweke bega wapi. Nilimwambia nahodha ainamishe nyonga, si kichwa. Nilimwambia mfugaji lini akimbie na, safari hii, wapi asimame. Nilikuwa nikieleza kwa maneno mambo ambayo sikujua kama yana maneno. Skramu ya mwisho hawakusukumwa hata hatua moja. Walishindwa kwa trai mbili, lakini skramu ile hawakusukumwa, nami nilikuwa nimepoteza sauti kabisa.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Mama alikuwa barazani na ungo, anachagua mchele.

"Mmeshinda?"

"Tumeshindwa, Mama." Sauti yangu ilikuwa ya chura.

"Uliingia?"

Sikuona faida ya kudanganya, maana dereva wa bodaboda alikuwa amenitangulia. "Nilivuka mstari," nikasema. "Wakanitoa wenyewe. Walikaa chini wakakataa kucheza mpaka nitoke."

Aliitupa punje moja mbovu, akaendelea. "Alhamdulillahi. Ndivyo watu wanavyotakiwa kuangaliana. Kama wale Wafaransa, siku ile ulipoumia, walivyoacha mchezo wakakukimbilia."

Hilo hakuwahi kuniuliza. Alikuwa amejitungia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemwachia, kwa sababu lilikuwa linampa usingizi. Lakini jioni ile sikuwa na nguvu ya kulibeba.

"Hawakuacha mchezo, Mama," nikasema. "Daktari wao alinichoma sindano hapa, shingoni, na kocha akanirudisha ndani. Nilicheza mpaka mwisho na vidole vimekufa ganzi. Haikuwa mara ya kwanza. Timu zote nilizochezea, hapa na huko, hakuna hata moja iliyowahi kunitoa kabla sijaumia. Hawa wa leo ndio wa kwanza."

Nikalia. Sikuwa nimelia hospitalini, wala siku ya keki, wala siku ya dua. Nililia pale barazani mbele ya majirani waliokula.

Mkono wa Mama ulikuwa umesimama juu ya mchele.

"Mimi nimekuwa nikiwaombea dua watu wale," akasema polepole. "Kila Ijumaa, tangu urudi. Nikisema, ya Rabbi, wajaze kheri waliomwangalia mwanangu."

Akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye leso, akasogea karibu.

"Nitajie majina ya hawa sita," akasema.

Nikamtajia, jina moja baada ya jingine. La mpishi wa bara lilimshinda kutamka, akaniomba nilirudie mpaka akalishika.